Binadamu ni wa hapahapa au alitoka juu? Nadharia tatu kwenye mizani moja

Asubuhi moja niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kwenye kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, wakakione kimondo. Ukiiacha barabara kuu ya Mbeya–Tunduma unakula vumbi kidogo, halafu unakutana nalo: donge la chuma la karibu mita tatu, limelala juu ya kitako chake cha saruji kama ng'ombe aliyejipumzikia. Uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16. Takriban asilimia 90 ni chuma, asilimia kama 8 ni nikeli, na mwili mzima umejaa vishimo laini mfano wa alama za vidole kwenye tonge la ugali. Wanafunzi walifanya kile ambacho kila mgeni hufanya: wakalipapasa, wakaligonga kwa kokoto wasikie linavyolia, wakapigana picha. Kisha binti mmoja aliyekuwa kimya njia nzima akauliza, "Mwalimu, kama hiki kilitoka juu kikatua hapa, tunajuaje kwamba na sisi hatukutoka hukohuko?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile ni maswali matatu yaliyovaa kanzu moja. Je, aliyesafiri ni mtu mwenyewe, na miguu yake miwili na akili zake? Au ni uhai tu, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikafika duniani na kukua hadi tukapatikana sisi? Au hakuna kilichosafiri zaidi ya malighafi, na kazi yote ilifanyikia hapahapa? Nimewasikia watu wakibishana juu ya jambo hili msibani hadi alfajiri, na wengi wao walikuwa hawapingani kabisa. Kila mmoja alikuwa anajibu swali lake.

Kwa hiyo ninaweka mezani nadharia tatu: kwamba binadamu alitokea duniani kwa mageuko, kwamba mbegu za uhai zilitoka angani, mageuko yakaendelea hapa, na kwamba viumbe wa sayari nyingine walituleta au walitutengeneza.

Vigezo vya kupimia

Kila nadharia itapita mlango uleule. Kwanza, inadai nini hasa, bila chumvi ya wapinzani wala ya mashabiki. Pili, kuna ushahidi gani ambao mtu mwingine anaweza kwenda kuutazama mwenyewe. Tatu, inaueleza vipi mwili huu tulionao: mgongo, damu, jeni. Nne, inakwama wapi. Tano, inamfaa nani.

Kitu ambacho sitakiweka kwenye mizani ni imani. Aliyeumba ni nani, na kwa nini tupo, ni maswali ambayo mfupa wa Oldupai haukuyajibu na haukutumwa kuyajibu. Wapo waumini wanaopokea mageuko kama njia aliyoitumia Mungu, wapo wasioyapokea, na wote nimeketi nao meza moja. Hata simulizi zetu za jadi hazikubaliani kuhusu juu na chini. Baganda husimulia kwamba Kintu alikuwa duniani peke yake na ng'ombe wake, hadi Nambi, binti wa Ggulu, aliposhuka kutoka mbinguni. Yaani baba wa ardhini, mama wa juu. Wazo kwamba sehemu yetu ilitoka angani halikuanzia kwenye video za mtandaoni.

Nadharia ya kwanza: tulitokea hapahapa

Inadai nini. Viumbe hai vyote duniani ni ukoo mmoja, na binadamu ni tawi lililochipuka Afrika. Mstari wetu na wa sokwe mtu uliachana takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita. Watu wa aina yetu wenyewe, Homo sapiens, ni wa juzijuzi: mabaki yao ya kale zaidi yanayojulikana ni ya Jebel Irhoud, Moroko, yenye umri wa kama miaka 300,000.

Hapa pana kosa ambalo nalisahihisha kila mwaka. Nadharia haisemi sokwe aligeuka kuwa mtu. Chukua neno "mtu". Waganda husema omuntu, Wazulu umuntu, Wakikuyu mũndũ, Wakongo muntu. Hakuna mwenye akili atakayesema Kiswahili kilitokana na Kizulu, wala hakuna atakayeuliza, "Kama Kiswahili kipo, mbona Kizulu hakijafa?" Zote ni lugha binamu zilizotoka kwa mama mmoja ambaye leo hasemwi na mtu. Sokwe ni binamu yetu kwa mtindo huo.

Ushahidi wa kushika. Kwa hili Afrika Mashariki ina bahati isiyo kifani. Tarehe 17 Julai 1959, mtafiti wa mabaki ya kale Louis Leakey akiwa kitandani na mafua, mkewe Mary alitoka kwenda kutembeza macho katika bonde la Oldupai. Akaona meno mawili makubwa yamechomoza kwenye udongo. Lilikuwa fuvu, lililovunjika vipande mamia, likaunganishwa na kupewa jina Zinjanthropus, mtu wa Zinji, kwa lile jina la kale la pwani yetu ambalo ndilo limo pia ndani ya neno Zanzibar. Umri wake ulipopimwa kwa majivu ya volkano, ulikutwa kuwa miaka milioni 1.75. Fuvu lenyewe limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Wengi hawajui kwamba Zinji si babu yetu wa moja kwa moja. Ni mjomba aliyekufa bila wajukuu, tawi la pembeni lililokauka.

Yaliyo karibu zaidi na moyo wangu ni ya Laetoli, kilomita kama 45 kusini mwa Oldupai. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo walianguka chini wakakwepa, na mmoja wao, Andrew Hill, pua ikiwa karibu na ardhi, akaona nyayo za wanyama kwenye mwamba. Miaka miwili baadaye zikapatikana nyayo za watu. Hebu fikiria: volkano imetema majivu, mvua nyepesi imenyesha, na matone yake yameacha alama ambazo bado zinaonekana. Sungura wamepita, kanga wamepita, twiga wamepita. Kisha viumbe wachache wakapita kwa miguu miwili, mmoja akikanyaga ndani ya hatua za aliyemtangulia. Kisigino kinatua kwanza, dole gumba limeelekea mbele pamoja na wenzake, halikutanuka pembeni kama la sokwe. Majivu yakakauka kama saruji, yakafunikwa na majivu mengine. Miaka milioni 3.66. Mfuatano huo una urefu wa karibu mita 27, na mwaka 2016 watafiti, Profesa Fidelis Masao wa Tanzania akiwa miongoni mwao, walitangaza nyayo nyingine zilizopatikana jirani na pale.

Kenya nayo ina kijana wa Turkana, mifupa karibu ya mwili mzima, aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, mtu ambaye jicho lake liliona kile ambacho wasomi wenye shahada walikikanyaga. Na magharibi mwa Ziwa Turkana, Lomekwi, zimo zana za mawe za miaka milioni 3.3. Ethiopia ina mifupa ya Lucy, Chad ina fuvu la Toumaï, Afrika Kusini ina fuvu la mtoto wa Taung. Mifupa hii haikupatikana na mtu mmoja, wala nchi moja, wala kizazi kimoja.

Mwili unasemaje. Sisi tuna kromosomu, yaani vifurushi vya jeni, 46; sokwe mtu ana 48. Kwa muda mrefu hilo lilionekana kama pengo. Kisha kromosomu yetu ya pili ikachunguzwa, ikakutwa imefanana na kromosomu mbili za sokwe zilizoungwa ncha kwa ncha. Hata ile mifuatano ambayo kwa kawaida hukaa mwishoni mwa kromosomu, kwetu ipo pia katikati, penye fundo.

Jingine nalipenda kwa sababu ya kazi yangu. Mbuzi hali machungwa na hapati kiseyeye. Mwili wake unajitengenezea vitamini C. Sisi tuna jeni hiyo, ila imeharibika. Sokwe nao wanayo imeharibika, na nyani vilevile, na kwa namna inayofanana. Msimamizi wa mtihani anaelewa mara moja. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi lilelile, huenda wote walisoma. Wakikosea neno lilelile, kwa herufi zilezile, basi kuna aliyeangalizia, au wote wametumia desa moja.

Na mageuko hayakukoma zamani. Selimundu imeenea sana palipokuwa na malaria kwa sababu mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954. Gharama yake inalipwa na watoto waliorithi kwa wazazi wote wawili, na familia nyingi zinazosoma hapa zinaijua gharama hiyo bila kuelezwa.

Inakwama wapi. Haisemi uhai wa kwanza kabisa ulianzaje. Mageuko yanaanza kufanya kazi kukishakuwa na kitu kinachojinakili. Kabla ya hapo ni kemia, na kemia hiyo bado haijakamilika maabara. Vilevile, lugha, nyimbo na dhamiri havigeuki visukuku, hivyo sehemu tunayoiona ndiyo utu wetu hasa inakisiwa kwa kuzungukazunguka: kwa rangi, shanga, makaburi. Wataalamu wanabishana pia nani hasa ni babu na nani ni mjomba. Na iliwahi kuingiliwa na tapeli: fuvu la Piltdown, Uingereza, lilitangazwa mwaka 1912 na likaja kubainika mwaka 1953 kuwa kichwa cha mtu kilichopachikwa taya la orangutanu. Waliolifichua walikuwa wanasayansi wenyewe, lakini miaka 41 si michache.

Inamfaa nani. Mtu anayetaka jibu la "mwili huu ulitoka wapi" na ambaye hachukii kuambiwa "mwaka kesho tunaweza kurekebisha tarehe".

Nadharia ya pili: mbegu zilitoka angani

Inadai nini. Uhai, au angalau viungo vyake, ulifika duniani ukiwa umepanda mawe ya angani. Wanaiita panspemia. Mkemia wa Uswidi Svante Arrhenius aliipigia debe mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1973 Francis Crick, yule aliyeshiriki Tuzo ya Nobel kwa kugundua umbo la DNA, pamoja na Leslie Orgel, waliandika kwamba inawezekana hata mbegu hizo zilitumwa kwa makusudi na ustaarabu wa mbali. Walikuwa waungwana: walihitimisha kwa kusema ushahidi hautoshi kukadiria uwezekano wake.

Zingatia kwamba hapa pana madai mawili, la unyenyekevu na la ujasiri. La unyenyekevu: malighafi zilishuka. La ujasiri: vijidudu hai vilishuka.

Ushahidi wa kushika. La unyenyekevu limesimama imara. Septemba 28, 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia, na ndani yake zikakutwa asidi amino, yaani matofali ya protini, za aina zaidi ya 70, nyingi zikiwa hazitumiki kabisa na viumbe wa duniani, kwa hiyo si uchafu wa mikono ya waliokiokota. Mtu mkaidi angeweza bado kunung'unika kwamba kimondo kiliguswa na udongo. Basi chombo cha Marekani OSIRIS-REx kikaenda kuchota kwenye asteroidi Bennu, jiwe kubwa linalozunguka jua, na kurudi Septemba 2023 na gramu kama 121. Mwanzoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba zimo asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini za uhai, pamoja na herufi zote tano zinazoandika DNA na RNA. Gramu hizo hazitoshi hata kujaza kikombe cha kahawa.

La ujasiri lina mguu mmoja. Tunajua mawe husafiri kati ya sayari, maana yapo duniani mawe yaliyotoka Mirihi. Tunajua pia bakteria fulani wameachwa nje ya kituo cha anga kwa miaka mitatu na waliokuwa ndani kabisa ya rundo wakabaki hai. Mguu wa pili ungekuwa kijidudu chenyewe, na hakijapatikana. Agosti 1996 dunia ilidhani kimepatikana, kwenye jiwe la Mirihi liitwalo ALH84001 lililookotwa Antaktika; hata Rais Clinton alisimama kulizungumzia. Baadaye alama zile zikapatiwa maelezo ya kikemia yasiyohitaji kiumbe, na wanasayansi wengi wakarudi kwenye kiti cha kusubiri.

Kuhusu kimondo chetu cha Mbozi, samahani kwa waliokuwa na matumaini: ni chuma. Mawe yanayobeba kemia ya uhai ni yale meusi yenye kaboni, si madonge ya chuma.

Mwili unasemaje. Hausemi mengi, na hilo ni jambo la kulielewa vizuri. Viumbe vyote duniani, kuanzia mhogo hadi mamba, husoma jeni kwa msimbo uleule kwa tofauti ndogondogo tu. Kwa hiyo kama mbegu ilishuka, ilishuka mapema sana, zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita, ikawa mama wa wote. Panspemia ikithibitishwa kesho asubuhi, undugu wako na sokwe haubadiliki hata kidogo, na mhogo nao utakuwa na haki ya kujiita mgeni wa anga kama wewe.

Inakwama wapi. Inalisogeza swali badala ya kulijibu. Kama uhai ulianzia Mirihi, huko ulianzaje? Mashabiki wake hujibu kwamba angalau umeongeza muda na mahali pa kujaribia, na jibu hilo si la kubezwa.

Inamfaa nani. Mpenda kemia na anga. Mtu anayeweza kuishi na "huenda" bila kukosa usingizi. Haimfai anayetafuta asili ya binadamu kama binadamu, kwa sababu ikifika kwetu inaikabidhi kazi nadharia ya kwanza.

Nadharia ya tatu: wageni walituleta au walitutengeneza

Inadai nini. Hapa aliyesafiri ni mwenye akili. Mwaka 1968 Mswisi Erich von Däniken aliandika kwamba miungu ya watu wa kale ilikuwa wanaanga waliotembelea dunia. Mwaka 1976 Zecharia Sitchin akaenda mbali zaidi: Waanunnaki, miungu wa maandishi ya kale ya Mesopotamia (Iraki ya leo), alisema, walitoka sayari iitwayo Nibiru inayozunguka jua kila miaka 3,600, wakaja kutafuta dhahabu, na machimbo yakawa Afrika. Kazi ilipowachosha, wakachanganya jeni zao na za Homo erectus, jamaa wa kale wa binadamu, wakapata kibarua: mtu. Tawi jingine la nadharia hii haliongei miungu wala dhahabu, linasema tu kwamba mwili wetu hauifai dunia hii, hivyo lazima tulihamishwa.

Msomaji wa Kiafrika asome tena sentensi ile ya dhahabu. Mwafrika wa kwanza, yaani mtu wa kwanza, kaumbwa awe mchimbaji wa migodi ya wageni. Nimeshangaa mara nyingi kuona ndugu zangu wakiisambaza kwa fahari.

Ushahidi wa kushika. Unaotolewa ni wa aina mbili: maandishi ya kale na majengo makubwa. Maandishi yapo kweli, na hapo nawapa haki yao: walilazimisha watu wa kawaida wajue kwamba Wasumeri na Wababeli waliandika. Simulizi ya Atrahasis kwa hakika inasema binadamu alifinyangwa kwa udongo na damu ya mungu aliyechinjwa, ili abebe kazi ya kuchimba mifereji iliyowashinda miungu wadogo. Ni mifereji, si dhahabu. Na Nibiru kwenye mabamba yale ni nyota au sayari inayoonekana angani, mara nyingi Mshtarii, si dunia iliyojificha. Wasomaji wa maandishi hayo ya kabari wapo vyuo vikuu vingi na hawajaiona sayari ya Sitchin.

Majengo nayo yamepata mashahidi wake. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya Pierre Tallet ilipata mafunjo yenye daftari la kazi la msimamizi aitwaye Merer. Anaandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe Tura, tumelala njiani, kesho tumefika Giza, kwa piramidi la Khufu. Ni daftari la nahodha wa jahazi la mizigo, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,500, na halina hata mgeni mmoja wa anga. Nalikumbuka kila ninaposikia Waafrika wakinyimwa mawe yao. Wakoloni waliokataa kuamini macho yao walisema majengo ya mawe ya Zimbabwe Kuu ni ya Wafoinike, mabaharia wa kale wa Mediterania, au ya Malkia wa Sheba, hadi wanaakiolojia Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walipochimba na kukuta vitu vya Waafrika. Wageni wa anga ni Wafoinike wapya.

Mwili unasemaje. Hoja zake ni maarufu kwa sababu kila mtu anazo mwilini. Mgongo unauma: basi tulizoea mvutano mdogo zaidi. Uzazi ni mgumu. Jua linatuunguza. Saa ya mwili eti ni ya saa 25, kama siku ya Mirihi. Tuzipime. Vipimo makini vya mwaka 1999 vilikuta saa ya mwili ni kama saa 24 na dakika 11. Siku ya Mirihi ina dakika 40 hivi za ziada. Mgongo unauma hasa kwa sababu ulikuwa wa mnyama wa miguu minne kisha ukasimamishwa wima, mithili ya ngazi iliyogeuzwa nguzo ya nyumba. Uzazi ni mgumu kwa sababu nyonga za kutembea wima zinagombana na kichwa kikubwa cha mtoto. Ni mapatano mabovu ya aina ambayo mageuko huyafanya kila siku na fundi mwenye maabara asingeyafanya. Na hoja ya kuungua na jua, nikiwaza, lazima iliandikwa na mtu mweupe. Apelekwe kwa wachunga mbuzi wa Dodoma.

Halafu kuna kuzaana. Punda na farasi ni jamaa wa karibu, na nyumbu wanayemzaa karibu kila mara ni tasa. Kiumbe wa nyota nyingine, mwenye historia isiyokutana na yetu mahali popote, atachanganyaje jeni na Homo erectus?

Inakwama wapi. Haijaleta msumari. Tumetaja fuvu unaloweza kwenda kulitazama, nyayo za mita 27, gramu 121 za vumbi la Bennu. Upande huu hakuna kipande cha chombo, mfupa wala shimo la mgodi la Waanunnaki. Udhaifu mwingine ni kwamba haina namna ya kushindwa: ukikosa ushahidi, utaambiwa umefichwa.

Inamfaa nani. Mwandishi wa hadithi, mchoraji, mtu anayetaka kupanua ubunifu, na mwalimu anayetafuta zoezi zuri la kuwafundisha vijana kuhoji madai. Swali lililo nyuma yake, kwamba je, tuko peke yetu, ni halali kabisa, na sayansi inalifanyia kazi kwa darubini. Ila hilo ni swali la kama wapo, si la kama ni wazazi wetu.

Uchague ipi, kutegemea ulipo

Una mtihani wa historia au biolojia: shika ya kwanza, na angalia umri wa notsi zako. Zikisema Homo sapiens ana miaka 200,000, ziliandikwa kabla ya mwaka 2017, tangazo la Jebel Irhoud lilipotoka.

Unaandaa mdahalo shuleni: usiweke mada "Binadamu alitoka duniani au angani". Utapata kelele. Weka "Uhai ulianzia duniani", na pande zote mbili zitakuwa na vitu vya kusema, Murchison na Bennu upande mmoja, kukosekana kwa kijidudu hata kimoja upande wa pili. Mada ya Waanunnaki ifanye siku nyingine, kwa masharti kwamba kila msemaji alete kitu kinachoweza kukaguliwa.

Mtoto wa miaka minane amekuuliza: mchukue penye tope, atembee, kisha muonyeshe kisigino na dole gumba. Mpe hadithi ya Laetoli baada ya hapo. Mambo ya kromosomu yatasubiri.

Wewe ni muumini na jambo hili linakukera: hulazimiki kuchagua leo. Ila ukiamua kuikataa ya kwanza, usiikimbilie ya tatu kama kimbilio, kwa maana inamweka fundi wa Nibiru mahali pa Muumba, na sioni imani yako imefaidika nini.

Umetumiwa video ya dakika mbili na shemeji: muulize kwa upole, nani anadaiwa kusafiri, ni mtu, kijidudu au kemikali? Mara nyingi video huanza na asidi amino za Murchison, ambazo ni kweli, ikamalizia na piramidi, na katikati hapo kanzu imebadilishwa. Akikujibu vizuri, mtaongea usiku mzima bila kugombana.

Unaandika riwaya: chukua ya tatu bila kuomba radhi, lakini mfikirie Nambi kwanza. Alishuka na Kintu, akasahau ulezi wa kuku, akarudi kuuchukua, na nduguye Walumbe, ambaye ni Kifo, akamfuata. Hapo pana kitabu kizima.

Una nauli na wiki moja ya likizo: anza na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kisha Oldupai. Nyayo halisi za Laetoli za mwaka 1978 zilifukiwa tena katikati ya miaka ya 1990 kuzilinda na mizizi na mvua, hivyo utakayoiona kwenye makumbusho ya Oldupai ni nakala. Usimlaumu kiongozi wa wageni. Ukiwa unaishi nyanda za juu kusini, Mbozi ni karibu zaidi. Beba sumaku ndogo uigusishe kwenye lile donge. Msumeno uache nyumbani. Ncha moja ilishakatwa zamani na watu waliotaka kujua limetengenezwa na nini.